Hadubini ya laki mbili na themanini: nimeitumia miezi minne, na kromosomu nimeziona

Naanza na jibu mana wengi mnaoniulizaga mnataka hilo tu. Ndio, kwa hii hadubini ndogo ya mwanafunzi unaziona kromosomu za kitunguu, zile nyuzi ndani ya seli zinazobeba urithi, kwa jicho lako mwenyewe, umekaa zako Igoma hapa Mwanza kwenye chumba cha bati na umeme umekatika. Mi nimeziona na wanafunzi wangu 14 wa tuisheni wameziona. Ila kuna mambo muuzaji hatakwambia, na kuna maneno kwenye boksi yasiyokusaidia kitu, kwa iyo soma kwanza kabla hujatoa hela.

Mimi nafundisha baiolojia jioni, kidato cha tatu mpaka cha sita. Miaka 9 mgawanyiko wa seli nimeufundisha kwa chaki. Nachora duara, ndani naweka nyuzi, nachora duara lingine pembeni, naandika majina ya hatua kwa mpangilio, profezi, metafezi, anafezi, telofezi, watoto wanakariri kwa kuimba, mtihani unapita, basi. Mtoto ukimuuliza kromosomu ni nini anakujibu vizuri kabisa, ila muulize hicho kitu kiko wapi kwenye mwili wako sasa ivi, anabaki anakuangalia. Hilo lilikuwa linaniumaga sana, mana mi mwenyewe nilisoma hivo hivo, shule yetu ilikuwa na hadubini moja inafungiwa kabatini isije ikavunjika, na haikuvunjika kweli, tumemaliza shule hatujaigusa.

Basi mwezi wa pili nikajikusanya nikaenda mjini, kuna duka la vifaa vya maabara ukishuka kutoka Makoroboi. Kaka wa pale alianza na 310,000, tukaongea vizuri tu, akashusha mpaka 280,000. Boksi la slaidi 12 zilizotengenezwa tayari linauzwa peke yake, 45,000. Kitu cha kwanza nilichokipenda ni mwili wake, chuma kitupu, ukiinua unasikia uzito. Kulikuwa na nyingine ya plastiki ya 120,000 nikaijaribu pale pale dukani, ukigusa meza tu picha inacheza kama mtumbwi kwenye mawimbi, nikamwambia kaka hii hapana. Kama hela yako inafika ya plastiki tu, bora usubiri.

Sasa hilo boksi. Limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba inakuza mara 2000. Hesabu yenyewe iko hivi, lenzi ya chini kubwa kabisa ni ya 40, lenzi ya jicho ya kawaida ni ya 10, hapo unapata 400. Wao wanakupa na lenzi ya jicho ya 25, halafu kuna kipande cha kuchomeka katikati kinachokuza mara mbili, ukizidisha vyote ndio unapata 2000. Nimejaribu. Picha inakuwa kubwa kweli ila ukungu mtupu, ni kama unavyovuta picha kwenye simu, inakua lakini hakuna kipya unachokiona. Hiko kipande na ile lenzi ya 25 nimevirudisha kwenye boksi na sijavitoa tena. Mara 400 inatosha, kromosomu za kitunguu ni kubwa, ndio mana dunia nzima wanafundishiaga kitunguu.

Kitunguu chenyewe ndio kilinipa kazi. Mara ya kwanza nilichukua vya sokoni tu, nikaviweka juu ya glasi kitako kikigusa maji, siku nne hakuna mzizi hata mmoja, kimoja kikaoza. Mama mmoja anayeuza vitunguu pale Igoma nikamweleza shida yangu akanichagulia, akanambia chukua hivi vigumu ambavyo kitako bado kina ile mizizi mikavu, ila hiyo mikavu uikwangue kwanza kwa kisu taratibu. Nikaenda nikafanya hivo, nikakishikilia na vijiti vya meno kisizame, maji nabadilisha kila siku, siku ya tatu mizizi meupe imetoka inafika sentimita 2. Mama yule nilimpelekea picha ya seli kwenye simu baadae, akaiangalia mda mrefu.

Halafu nikakosea tena. Nilikata kipande kirefu cha mzizi, nikapaka rangi, nikaangalia, naona seli ndefu ndefu zimepangwa kama matofali, hakuna hata moja inayogawanyika. Nikajua nimetapeliwa hadubini. Kumbe kosa langu, mzizi haukui kote. Seli zinazogawanyika ziko pale kwenye ncha kabisa, milimita 1 mpaka 2 za mwisho, ile sehemu inayoonekana kama imekolea kidogo, huku juu zimeshaacha kugawanyika zinajirefusha tu. Kwa iyo kata ncha tu, iliyobaki tupa.

Hatua zenyewe kwa kifupi: ncha unaiweka kwenye mchanganyiko wa spiriti safi sehemu tatu na asidi ya siki kali sehemu moja ili seli zisimame pale pale zilipofikia, halafu kwenye asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa na kupashwa nyuzi 60 kama dakika 5 ili seli zilegee ziachane, halafu rangi, mi natumia aseto-orseini, inazipa kromosomu rangi ya zambarau iliyoiva. Asidi naandaliwaga na mwalimu mwenzangu mwenye maabara ya shule, kali usiinunue ukaanza kuizimua mwenyewe jikoni, naomba sana. Mwisho unafunika na kile kioo chembamba, unaweka karatasi laini juu, unabonyeza na dole gumba moja kwa moja chini. Usizungushe. Ukizungusha seli zinajiviringisha, kazi yote ya siku tatu imekufa.

Nieleze nilichokiona mana hapa ndipo hela yangu ilirudi.

Na lenzi ya 4 unaona kama wingu la zambarau tu. Ya 10 unaanza kuona vidoti. Ya 40, unazungusha ile skrubu ndogo polepole, kinapotea kinarudi, halafu ghafla pap. Seli nyingi kiini chake ni duara limetulia kama punje ya dengu. Unasogeza slaidi. Dengu, dengu, dengu. Halafu unakutana na moja ambayo ndani sio dengu, ni nyuzi zimesokotana kama wavu wa dagaa uliotupwa kwenye mtumbwi, hiyo ni profezi, na nikakumbuka kwamba hata jina mitosisi, yaani huu mgawanyiko wenyewe, limetoka kwenye neno la Kigiriki la uzi, Walther Flemming wa Ujerumani ndiye aliyelitoa akiwa anaangalia seli za salamanda, kitabu chake ni cha mwaka 1882. Aliona kile kile nilichokuwa nakiona mimi Igoma, na alikitaja kwa alivyokiona.

Nikasogeza tena nikaikuta anafezi. Hii nitaielezea vizuri mana niliiangalia mpaka jicho likatoa machozi. Makundi mawili ya kromosomu yameachana, moja linaenda juu moja linaenda chini, na kila kromosomu imekunjika kama herufi V, ile pembe ya V imetangulia na mikono miwili inaburuzwa nyuma. Ukiona umbo hilo huhitaji mtu akwambie ni wapi inapovutwa. Mtu ukimfunga kamba kiunoni ukamvuta, kiuno kitatangulia, mikono na miguu itafuata. Hiko kiuno ndio sentromia. Nimeifundisha sentromia miaka 9 kama nukta ya katikati ya herufi X, sikuwahi kuiona ikifanya kazi, na hapo imeganda tu kwenye rangi, haitembei, lakini mvuto wenyewe unauona.

Kijana mmoja wa kidato cha nne akauliza, madam mbona kwenye kitabu hizi hatua zimechorwa sawa sawa, hapa tunaona dengu tu? Nikasema sawa, tuhesabu. Tulichukua eneo moja la slaidi tukahesabu seli zote, mmoja anaangalia anataja mwingine anaandika, tukapata seli 212. Zilizokuwa zinagawanyika ni 19 tu. Profezi 11, metafezi 3, anafezi 2, telofezi 3. Zile 193 zote ni intafezi, yaani haziko kwenye kugawanyika. Nikawaambia hizo seli ziliuawa zote kwa wakati mmoja tulivyozitia kwenye spiriti, kwa iyo hatua inayochukua mda mrefu ndio utaikuta kwenye seli nyingi, ni kama ukipiga picha daladala zote za Igoma kwa mpigo, nyingi zitakuwa zimesimama kituoni zinasubiri abiria. Tukafanya hesabu, tukichukulia mzunguko mzima wa seli ni saa 20, metafezi inapata kama dakika 17, anafezi kama 11. Darasa lilinyamaza. Ile anafezi ambayo kwenye kitabu imepewa boksi kubwa sawa na wenzake, ni dakika 11 kati ya saa 20.

Na hapo ndipo niliona kosa kwenye ufundishaji wangu. Intafezi tulikuwa tunaiitaga hatua ya kupumzika, vitabu vya zamani viliandika hivo, na watoto wanaiandika mstari mmoja wanaruka. Kumbe kazi kubwa iko hapo. Seli inakua kwanza, hiyo ni G1, halafu inanakili DNA yake yote, ile kemikali ndefu inayobeba urithi ndani ya kromosomu, ndio S, halafu inakagua na kujiandaa, G2, ndio inaingia mitosisi. DNA ya seli moja ya mtu ukiinyoosha ni kama mita 2, imo ndani ya kiini ambacho hukioni bila hadubini, na inanakiliwa yote. Ukifika metafezi kila kromosomu tayari ni pacha wawili, kromatidi mbili zimeshikana kiunoni, nyuzi za kuvutia za huku zimemshika mmoja, za kule zimemshika mwenzake. Na seli inasubiri. Kama kuna kromosomu hata moja haijashikwa pande zote mbili, haiachii. Zikishashikwa zote ndio ile gundi inayoshikilia pacha inakatwa, na zinaachana kwa pamoja. Mitosisi ni kugawana tu mali iliyokwisha kutafutwa.

Kuhesabu kromosomu zenyewe ni ngumu, nisidanganye. Kitunguu kina 16. Tumejaribu sana, mara tunapata 13, mara 18, zimelaliana. Binti mmoja akakata tamaa nikamsimulia habari ya binadamu: kuanzia miaka ya 1920 wanasayansi waliamini mtu ana kromosomu 48, wakafundisha hivo miaka zaidi ya 30, watu wenye hadubini nzuri mara mia kuliko hii yangu. Mwaka 1956 Joe Hin Tjio, mzaliwa wa Java, na Albert Levan wakiwa Lund kule Sweden wakaonyesha ni 46. Mojawapo ya siri zao ilikuwa ni kuziweka seli kwenye maji yenye chumvi kidogo ili zivimbe, kromosomu zitawanyike, halafu kubonyeza. Kubonyeza kama tunavyobonyeza sisi. Binti akarudi kwenye hadubini, akatafuta seli iliyokandamizwa vizuri, akahesabu taratibu kwa kuchora kila moja kwenye daftari. Akapata 16. Alihesabu tena. 16. Alivyoinuka wenzake walimpigia makofi. Mwingine, kwao wanauza samaki Mwaloni, akauliza sato je? Sato ana 44. Na kitunguu 16, mtu 46, kwa iyo wingi wa kromosomu hauelezi ukubwa wala akili ya kiumbe.

Kuna swali lingine sikulitegemea. Mwanafunzi wangu mmoja mdogo wake alivimba taya mwaka jana, akatibiwa hospitali ya Bugando, sasa ivi yuko nyumbani anaendelea vizuri. Akaniuliza, madam ile saratani ya taya nayo ni mitosisi? Nikamwambia ndio. Ile inaitwa Burkitt, jina la daktari Denis Burkitt aliyeielezea mwaka 1958 akiwa Uganda, ng'ambo ya ziwa letu hili hili, na inawapata sana watoto wa maeneo yenye malaria nyingi kama kwetu. Kinachotokea ni kwamba kipande cha kromosomu ya 8 kinakatika na kwenda kujiunga na kromosomu nyingine, mara nyingi ya 14, na kwenye kile kipande kuna jeni, yaani kipande cha DNA chenye maelekezo, iitwayo MYC inayosukuma seli kugawanyika. Ikishahamia kule inawashwa mda wote, na seli zinagawanyika kwa kasi kuliko karibu saratani nyingine yoyote ya binadamu. Zile dengu mlizoziona zimetulia, kule hazitulii.

Nikamuuliza mdogo wako nywele zilitoka? Akasema zote. Nikamweleza kwamba mojawapo ya dawa wanazotibia nayo ni vinkristini, asili yake ni lile ua la rangi ya pinki au nyeupe lililotokea Madagaska, ambalo hapa Mwanza limepandwa kwenye nyua kibao, na kazi yake ni kuzuia zile nyuzi zinazovuta kromosomu zisijengeke. Seli inafika metafezi inasubiri kushikwa, haishikwi, inakwama mpaka inakufa. Lakini dawa haichagui, na seli za mizizi ya nywele nazo zinagawanyika haraka, ndio mana dawa za namna hiyo zinaondokaga na nywele. Yule mtoto aliomba arudie kuangalia metafezi. Alikaa pale dakika kama kumi, nikawazuia wenzake wasimsukume. (Msije mkachemsha hilo ua nyumbani, lina sumu, dawa ya hospitali inapimwa kwa uangalifu mkubwa sana.)

Nirudi kwenye bidhaa. Kasoro zake ni hizi. Skrubu kubwa ya kushusha meza inalegea, ukiiacha dakika tano meza inateremka yenyewe taratibu, mtoto anayefuata anakuta picha imepotea. Fundi wa baiskeli wa hapa mtaani aliikaza na bisibisi ndogo, ikakaa wiki sita, nimekaza tena. Taa yake inakula betri sana, mi natumia kioo cha chini mchana. Na hapa nisikilizeni: kioo kielekeze kwenye anga jeupe au ukuta uliopigwa mwanga, kamwe kisielekee jua lenyewe, lenzi inakusanya mwanga wote unaingia kwenye mboni, utamharibu mtoto jicho. Kwenye boksi hawajaandika onyo hilo popote, na hilo limenikera kuliko yote.

Slaidi zile za 45,000 nazo nusu kwa nusu. Ya ncha ya mzizi wa kitunguu ni nzuri, imekatwa vizuri, ya kuanzia kabla hujajua kubonyeza. Ya damu ya mtu nzuri. Ila ya meiosisi, ule mgawanyiko unaotengeneza seli za uzazi, ile ya vifuko vya chavua vya yungiyungi, rangi imefifia huoni kitu, na ndiyo niliyokuwa naitaka zaidi, mana pale ndipo ungeona kromosomu zikijipanga mbili mbili, ya baba na ya mama, kabla ya kuachana. Nyingine ilikuja na ufa. Nilirudi dukani, yenye ufa nilibadilishiwa hapo hapo bila maneno, ya meiosisi nikaambiwa zote ziko hivo. Nikaomba tufungue boksi lingine, tukafungua, kweli zote ziko hivo. Angalau kaka hakunificha.

Kama we ni mwalimu au una kikundi cha wanafunzi, nunua, mkichangishana hata watu 14 ni shilingi 20,000 kila mmoja. Kama ni mzazi una mtoto mmoja nyumbani, nenda kwanza mkaijaribu dukani na slaidi ya kitunguu ukiwa naye, mwachie azungushe skrubu mwenyewe, wala usimharakishe. Mkiona kaka wa duka anawapa ile lenzi ya 25 kuwaonyesha ukubwa, mwombeni arudishe ya 10. Mkifika kwenye lenzi ya 40, shusha meza kwanza ukiangalia kwa pembeni, isigonge slaidi, niliwahi kupasua moja hivo.

Nyota 4 kati ya 5. Moja nimeitoa kwa ajili ya onyo la jua na ile slaidi ya meiosisi. Kuna jamaa kaniambia maua machanga ya kitunguu yenyewe, kabla hayajafunguka, vifuko vyake vya chavua ukivibonyeza kwa wakati sahihi unaiona meiosisi bila kununua slaidi. Nimeshapanda vitunguu vitatu kwenye ndoo nyuma ya chumba, vimechipua, nasubiri vitoe ua. Vikikubali nitakuja kuandika.